Maganda ya Shaba Kutoka Zhongda

Kashenyi, Kyaka
4 Januari 1998

Mwanangu Bibiana,

Nakusalimu kutoka huku kwenye maji. Sisi sote wazima, isipokuwa mimi nina kikohozi na shangazi yako Felisia ana mdomo, na vyote viwili havina dawa. Mvua hii wanayoiita El Niño redioni haijakatika tangu msimu wa senene. Migomba ya huku juu imelala chini pamoja na udongo wake, maharage yameozea shambani, na ukifungua ghala la mtu yeyote unaona sakafu. Tumaini lililobaki ni bondeni. Maji ya Kagera yakishuka yataacha tope zuri, na atakayepanda mahindi kule mwezi wa tatu atakula. Asiyepanda itabidi aende kuomba kwa ndugu, na ndugu wenyewe ndio sisi.

Sasa tatizo ni viboko. Mto ulipofurika walitoka nao, na mto ukirudi wao hawana haraka ya kurudi. Wamezoea. Wanatembea katikati ya mashamba kama wenye hati. Shangazi yako nimemhamishia kwangu kwa nguvu, kwa sababu nyumba yake kule chini iko mdomoni mwao. Nilikwenda mjini ofisi ya wanyamapori kuomba msaada, wakanipokea vizuri, wakanipa chai, wakaniambia bwana nyama wa Kashenyi ni mimi. Nikawaambia nimestaafu. Wakasema wanajua, wakaniongeza chai.

Bunduki yangu unaijua, ile four-o-four, na leseni yake nailipia kila mwaka. Ubaya wake ni kwamba Waingereza waliacha kutengeneza risasi zake ungali mtoto. Nimebakiwa na moja. Fundi Ameir wa Mwanza, ambaye ana kibali cha kazi hiyo, anasema baruti anayo, fataki anazo, vichwa vya risasi anavyo. Kinachokosekana ni ganda lenyewe, lile kopo la shaba ya njano linalobeba vyote. Maganda yangu ya zamani tumeyajaza na kuyajaza tena mpaka yamepasuka midomo.

Wewe uko kwenye nchi inayotengeneza kila kitu. Jovin, anayekuja huko kufuata jinzi, ameniambia kwamba Wachina ukiwapelekea hata jino la bibi yako, wanakutolea kartoni nzima ya meno hayo hayo. Basi nampa ganda moja akuletee, lililo zima kuliko mengine. Lifuatwe hilo hilo. Likizidi kwa unene wa unywele halitaingia kwenye bunduki, likipungua litanipasukia usoni.

Ukishindwa niambie umeshindwa, sitakasirika. Ila usishindwe.

Babako,
Salvatory


Guangzhou
25 Januari 1998

Shikamoo Tata,

Jovin amefika, na ganda lako limefika ndani ya soksi yake. Nimeliosha kwanza. Yeye amerudi kwenye jinzi zake za soko la Zhanqian na mimi ameniachia kazi.

Pole sana na mvua. Nilipofika kwenye habari za migomba nililia, halafu nikafika kwenye mdomo wa Shangazi nikacheka. Kissa, yule Mnyakyusa wa Tukuyu ninayelala naye chumba kimoja hapa karibu na stesheni, akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba. Nikamwambia ni ya baba, anataka risasi. Halafu akasema, "Bibiana, hapa watu wanaagiza sidiria."

Tata, nimejaribu. Nimeanza na maduka ya mabomba na vitasa. Unaweka ganda mezani, mwenye duka anaangalia, anasema "mei you," yaani hakuna. Unakwenda la pili, mei you. La tatu hata hajaangalia, mei you. Mzee mmoja alilichukua, akachungulia ndani, akalinusa, akanirudishia kiganjani na kunifunga vidole yeye mwenyewe, kisha akashusha mlango wa duka mchana kweupe. Hapo nikajua kuwa analijua. Huku bunduki ni jambo zito mno, hata ganda tupu hawataki kulisikia.

Mlinzi wa soko moja aliniomba niende naye ofisini. Tukakaa kidogo, wakaniuliza maswali mawili matatu. Kissa akaja akawaeleza kwamba ni kipande cha taa ya mezani, tukanywa maji ya moto, mambo yakaisha. Usiwe na wasiwasi, wala usimwambie Shangazi.

Shida iliyopo sasa ni mwaka wao mpya. Mafundi wote wanakwenda kwao. Uwanja wa stesheni umejaa watu na mabegi mpaka mikokoteni ya soko la Zhanxi haipiti, na viwanda vimefungwa hadi katikati ya mwezi wa pili. Sina la kufanya ila kungoja. Lakini sijashindwa, Tata. Nakuandikia wazi kwamba sijashindwa.

Mwanao,
Bibiana


Kashenyi
15 Februari 1998

Mwanangu Bibiana,

Barua yako ya Januari imefika jana. Nimefurahi kwamba walikupa maji ya moto. Mimi mjini walinipa chai, kwa hiyo katika familia hii sote tunapokelewa vizuri na kurudi mikono mitupu.

Maji yameanza kushuka. Tope limebaki jeusi, laini, ukilikanyaga unataka kupanda papo hapo. Felisia ananiambia kila asubuhi kwamba anakwenda kwake. Ninamkatalia. Ananiita askari jela, anapika ndizi zangu mbichi kwa makusudi. Juzi alitoroka na jembe, nikamfuata, nikamkuta amesimama mbele ya nyayo za kiboko zilizojaa maji, kila unyayo unatosha kuogeshea mtoto. Alirudi mwenyewe bila kusema neno, na hilo kwa Felisia unajua maana yake.

Tunawafukuza kwa kupiga madebe na kuchoma matairi. Mwanzoni waliogopa. Sasa wanasikiliza, wakimaliza kusikiliza wanaendelea kula.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuogopa mnyama, maana mnyama unajua anachotaka. Sasa naogopa watu. Nikipita wananitazama begani, wanatazama bunduki, halafu wananisalimu kwa heshima. Hawajui kwamba ndani yake kuna risasi moja, na nikiitumia nitakuwa mzee mwenye fimbo ya chuma. Msimu wa kupanda ni mwezi ujao. Wakiniuliza kama washuke, sijui niwajibu nini.

Fanya haraka, mama.

Babako,
Salvatory


Guangzhou
22 Februari 1998

Shikamoo Tata,

Nimepata! Sikuamini, na sasa hivi bado nina uoga wa kuandika, lakini nimepata.

Ni Kissa aliyeniambia nimekosea mtaa. Alisema, "Wewe unatafuta shaba kwa watu wa mabomba. Shaba ya njano wanayo watu wa nguo." Ni kweli, Tata. Vifungo vya jinzi, bizimu za mikanda, vile vijicho vya viatu, vyote ni shaba. Basi tukaenda Zhongda kwenye soko la vitambaa, kule nyuma wanakouza vifungo kwa kilo. Njiani Kissa akanifundisha: usieleze kazi ya kitu, weka sampo mezani, funga mdomo.

Mwenye kiwanda ni mwanamke, laoban Liang, laoban maana yake bosi, mnene wa kiasi, ana kikokotoo kikubwa kuliko redio yako. Aliligeuza ganda huku na huku. Mezani kwake kulikuwa na ua la plastiki. Akalichukua, akalichomeka ndani ya ganda, akalisimamisha, akacheka kwa furaha.

"Maua?" akaniuliza.

"Maua," nikamjibu. Nitaungama Pasaka.

"Same-same?"

"Same-same, laoban. Usibadilishe hata kidogo."

Hapo nilikaza, Tata, maana mwaka jana walinipa blauzi ambazo mikono yake ilikuwa mifupi kuliko sampo, na nilipolalamika wakaniambia fundi aliona hivyo ndivyo vizuri zaidi. Tangu siku ile nimejifunza. Nilimwambia laoban Liang: ukizidisha sichukui, ukipunguza sichukui, ukirembesha sichukui. Kila alama iliyopo hapa naitaka pale. Tuliweka ganda lako ndani ya mfuko, tukaufunga kwa gundi ya karatasi, nikatia sahihi yangu juu na yeye akatia yake, kama tunavyofanya kwa oda kubwa. Hawezi kuruka.

Hawatengenezi chini ya mia tano, kwa hiyo utapata mia tano. Nimeyachanganya na oda yangu ya vifungo, usiniulize zaidi. Mwambie Shangazi anoe jembe.

Mwanao mwenye furaha,
Bibiana


Guangzhou
19 Machi 1998

Shikamoo Tata,

Barua yako ya Februari nimeipata juzi. Ulivyoniita "mama" nilijifunika blanketi. Sasa usiogope tena watu, jibu lao hili hapa, Jovin anakuletea mkononi.

Nimeyakagua moja moja nikiwa nimekaa sakafuni kwa laoban, kila moja nikililinganisha na sampo. Hakuna hata moja lililokosea. Urefu ni ule ule, shingo ni ile ile. Zile herufi za Waingereza za kwenye kitako wamezichonga zote. Hata kile kibonyeo cha katikati, kile kidogo kama kitovu, wamekitoa kwenye kila ganda, tena mahali pale pale. Kulikuwa na mkwaruzo pembeni, nao wameuweka! Fundi wake alitaka kuuacha, laoban akamgombeza mbele yangu kwa kunionyesha sahihi yangu.

Yanang'aa, Tata. Kissa ameniomba moja aweke kalamu.

Andika upesi yakifika. Nitalala vizuri nikisikia bondeni kumepandwa.

Mwanao,
Bibiana


Kashenyi
30 Machi 1998

Kwa Fundi Ameir, Mwanza

Mzee mwenzangu, salamu nyingi.

Ninakutumia maganda kumi kwa mkono wa dereva wa samaki. Usicheke mpaka umalize kusoma.

Binti yangu ameyatengenezesha Uchina kwa kufuata ganda nililompa, na nililompa lilikuwa limeshapigwa. Mimi na wewe tukitazama kitako cha ganda la zamani tunaona fataki iliyogongwa na pini ikawasha baruti, ambayo utaing'oa na kuweka mpya. Yeye aliona ganda. Mimi nilimwambia lifuatwe hilo hilo, yeye akasimamia lifuatwe hilo hilo, na Wachina wakafuata. Kitako kimeziba, hakina tundu la kuweka fataki, na kile kibonyeo cha pini wamekichonga kama pambo. Sikufikiri kumweleza. Ni kama kumweleza mtu kwamba sufuria haitobolewi chini.

Nakuomba unitazamie kama unaweza kutoboa tundu la fataki na kuyaokoa. Hata ishirini tu yakifaa.

Nakusihi ufanye haraka kwa sababu moja. Jovin alipofika nayo hakuja kwangu. Alipitia kanisani Jumapili, akafungua kartoni uwanjani baada ya misa, yote mia tano yakimeremeta juani, akatangaza kwamba risasi za bwana nyama zimekuja. Wanawake walipiga vigelegele. Dada yangu Felisia alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi bonde lilikuwa limejaa majembe, na yeye amerudi nyumbani kwake na kuku wake wote.

Nimewaambia wangoje. Wamenijibu kwamba mvua haingoji, na hilo ni kweli.

Jovin huyo huyo amenieleza pia kwamba binti yangu alilala mahabusu siku mbili kwa ajili ya ganda lile. Mimi aliniandikia kwamba walimpa maji ya moto.

Wako,
Salvatory


Mwanza
6 Aprili 1998

Mzee mwenzangu Salvatory,

Salamu, na Mungu akuzidishie subira, maana utaihitaji.

Nimeyatazama yote kumi. Kazi ni safi, sijaona mkono safi kama huo tangu nianze kazi hii kwa marehemu baba. Lakini ni kazi ya mapambo. Nilitoboa moja. Ukuta wake ni mnene ndani pasipotakiwa na mwembamba panapotakiwa unene, maana aliyeiga aliona nje tu. Shaba yenyewe ni ya vifungo. Ganda la bunduki linatakiwa kutanuka kidogo moto unapopita, kisha lirudi. Hili halirudi, linapasuka. Nililibana kwenye jiliwa nikaligonga kidogo, likaachia ufa kama yai. Ukilipiga begani kwako, kichwa kitakachokwenda mbele ni chako.

Usimruhusu mtu yeyote ajaribu. Hata mtu akikuletea baruti, kataa.

Nimeulizia Nairobi na Dar es Salaam kama kuna mwenye maganda ya four-o-four. Kila niliyemuuliza alidhani mimi ndiye ninayeyauza.

Waambie watu wako watoke bondeni. Na binti yako mwambie, kwa sababu mfanyabiashara akisifiwa kwa mzigo huagiza mwingine.

Ndugu yako,
Ameir


Kashenyi
Jumatatu ya Pasaka, 13 Aprili 1998

Mwanangu Bibiana,

Kristo amefufuka. Sisi wazima. Mzigo wako umefika salama, hakuna kilichopotea wala kukwaruzika zaidi ya ule mkwaruzo uliouagiza.

Mwanangu, sijui nikuambie nini. Kijiji kizima kimeyaona. Padri ameomba moja. Wazee wanaokujua tangu ulipokuwa unaogopa mbuzi wananisimamisha njiani wanishike mkono. Felisia ameyapanga mawili dirishani kwake kule chini, ameyatia maua ya maboga. Kwa hiyo laoban wako hakukosea sana.

Watu wameshuka wamepanda. Mahindi yameshachomoza, ukiwa huku juu bonde linaonekana kama limepakwa rangi.

Jovin amenisimulia mambo uliyokutana nayo, yale ambayo hukuniandikia. Nimeyasikia yote. Sikuwahi kufikiri kwamba nitamtuma mtoto wangu kwenye jambo la namna hiyo, nami nimekaa hapa nakoroma. Usifanye tena, tafadhali. Haya yanatosha. Yanatosha kabisa, usiagize kitu kingine.

Mungu akulinde. Hakuna mzee huku mwenye mtoto kama wangu.

Babako,
Salvatory


Kashenyi
3 Mei 1998

Kwa Fundi Ameir, Mwanza

Mzee mwenzangu,

Dada yangu Felisia tumemzika juzi. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe unajua kuhusu maganda, na nimechoka kuwaeleza wasiojua.

Barua yako ilipofika sikulaza damu. Nilishuka bondeni siku ile ile, nikaita watu, nikawaambia maganda haya ni mapambo, hayawezi kupiga hata njiwa, rudini juu. Walinisikiliza vizuri. Halafu mmoja akauliza kama nitawauzia. Nikamwambia hayauziki, ni mabovu. Wakatazamana. Nikasikia mtu nyuma akisema mzee anabana, anaziweka risasi akawinde nyama aiuze Rwanda. Felisia akalichukua moja akaligonga na kijiko mbele yao wote, likalia kama kengele. Akasema, "Kaka, hili ndilo bovu? Sufuria yangu ndiyo mbovu. Kama unataka tukupigie magoti, sema tupige." Watu wakacheka, wakarudi kwenye palizi.

Tangu hapo nilikuwa nakwenda bondeni kila siku na ganda moja mfukoni, namwonyesha mtu mmoja mmoja kwamba halina tundu. Nalishika hivi, namwambia tazama hapa. Anatazama, anasema, "Ni zuri, mzee." Hakuna hata mmoja aliyehama. Nikaona basi, nitakaa nao. Nikahamia chini, na ile risasi yangu moja.

Alhamisi asubuhi, jua limeshatoka, Felisia alikwenda kuchota maji. Kiboko jike alikuwa kwenye mahindi na mtoto wake, na dada yangu akapita katikati yake na mto. Nilimpigia kelele. Aligeuka kunitazama mimi, hakumtazama kiboko. Nilipiga, Ameir. Nilipiga vizuri, niliiona ikiingia nyuma ya bega. Wewe unajua kwamba kiboko haridhiki na moja. Aliyumba, kisha akaendelea na safari yake.

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe kuchukua ya pili, kama ulivyozoea tangu ujana. Ukatoka na ganda la Bibiana. Nilisimama nalo kiganjani, linang'aa, mpaka yote yakaisha.

Wakati wa mazishi hakuna aliyenitukana. Lakini wanasema kwamba nina risasi mia tano na nimembania risasi ya pili hata dada yangu wa tumbo moja. Nimewasikia. Nitawaeleza nini ambacho sijawaeleza?

Sasa karatasi ya Bibiana iko mbele yangu tangu juzi. Felisia ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Nikiandika kwamba amekufa, ataniuliza amekufaje. Nikisema kiboko, ataniuliza bunduki ilikuwa wapi. Naandika "Mwanangu," halafu nakaa. Nashindwa, Ameir. Nashindwa kabisa.

Wako,
Salvatory


Guangzhou
5 Mei 1998

Shikamoo Tata,

Barua yako ya Pasaka nimeisoma mpaka Kissa amenikataza kuisoma kwa sauti. Sasa anaijua kwa moyo, na jana alikuwa sokoni anamwambia Mkenya mmoja, "Huyu hapa, padri ameomba moja." Nimeona aibu na nimefurahi, vyote kwa pamoja.

Jovin ana mdomo. Mambo ya mahabusu yamepita, wala hayakuwa makubwa. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitarudi kwako kusema mei you. Sijui ningekuandikiaje neno hilo. Nilikuwa nalala naliwaza, na sasa silifikirii tena.

Ulisema nisiagize kitu kingine, na mimi nakujua. Wewe hata ukiwa na njaa unasema umeshiba ili wageni wale. Mia tano kwa bonde zima, na viboko wote wale, yatakwisha kabla ya mwaka. Basi nilikwenda kwa laoban Liang. Kalibu amelihifadhi, amelifunga na ile karatasi yenye sahihi yangu, kwa hiyo safari hii haikuwa na maneno. Same-same, akasema. Same-same, nikamwambia. Nimeagiza elfu moja. Nimeacha blauzi za msimu huu, nitazichukua mwakani, usinigombeze. Yatakuwa tayari mwishoni mwa mwezi na Jovin amekubali kuyabeba. Nimemwambia asifungue kartoni kanisani, ingawa najua ataifungua.

Mpe Fundi Ameir salamu zangu, mwambie aanze kuandaa baruti.

Na Shangazi Felisia mwambie nimefurahi kwamba yuko kwake. Asikusikilize ukianza uaskari jela wako. Abaki huko huko bondeni mpaka avune, aliye na bwana nyama mwenye risasi anaogopa nini?

Mwanao akupendaye,
Bibiana